Mtu Kwanza au Hesabu Kwanza? Ubishi wa Wachezaji wa Mezani na Maigizo Yetu ya Semina



Katika mikutano ya viongozi wa vijana nimeulizwa zaidi ya mara moja juu ya mchezo ambao baadhi ya vijana wanaosoma mjini wanarudi nao nyumbani wakati wa likizo. Wanakaa mezani watu wanne au watano, kila mmoja na karatasi na penseli, wanarusha dadu za ajabu zenye pande nyingi, na wanaongea kana kwamba ni watu wengine kabisa. Mchana mzima unapita. Hakuna pesa mezani, kwa hivyo si kamari. Mshindi naye hakuna. Wazazi wanauliza, sasa huu ni mchezo gani usio na mshindi? Na vijana wenyewe, mahali pamoja, wamegombana hata kikundi chao kikakaribia kuvunjika. Ugomvi huo ndio umenifanya niandike. Nilipousikiliza niliona kwamba ni wetu pia, sisi tunaofanya maigizo katika semina na kuandika katiba za vikundi.

Ilikuwa hivi. Kijana mmoja alimwambia mwenzake: "Wewe hujaleta mtu hapa mezani, umeleta hesabu." Mwenzake akajibu papo hapo: "Na wewe umeleta mtu asiyeweza kazi. Sisi ndio tunambeba."

Wacha nieleze polepole, maana asiyeujua mchezo wenyewe hawezi kuona kila mmoja alikuwa na haki wapi.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo maarufu kuliko yote ya aina hii unaitwa Dungeons & Dragons. Ulichapishwa Marekani mwaka wa 1974 na Gary Gygax, mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, pamoja na Dave Arneson wa jimbo jirani la Minnesota. Mara ya kwanza walitoa nakala 1,000 tu. Leo kuna michezo mingi sana ya namna hiyo, lakini huu ndio uliofungua njia.

Mizizi yake ni michezo ya vita. Wazungu walikuwa na desturi ya kupanga askari wadogo mezani na kupigana kwa kanuni na dadu. Jeshi la Prussia lilitumia mchezo kama huo kufundisha maofisa wake katika karne ya 19. Hapo mchezaji ni jemadari, na askari akifa, basi, ni namba imepungua. Halafu mwaka wa 1969 David Wesely, naye wa Minnesota, alitengeneza mchezo juu ya mji wa kubuni wa Ujerumani uitwao Braunstein, wakati wa vita vya Napoleon. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, baadhi yao aliwapa nafasi ya mtu mmoja: wewe ni meya wa mji, wewe ni kiongozi wa wanafunzi. Arneson alikuwa miongoni mwa waliocheza.

Kwa hivyo mchezo huu una baba na mama. Baba ni hesabu ya vita, mama ni maigizo. Mtoto wa wazazi hao akivutwa huku na huku si ajabu.

Unachezwa namna hii. Mmoja wao ni msimamizi. Yeye ndiye anayeeleza hali ilivyo: "Mmefika kwenye mto. Daraja limevunjika. Ng'ambo mnasikia mtoto analia. Mnafanya nini?" Kila mchezaji ana mhusika wake, na anasema mhusika huyo anafanya nini. Kama jambo liko wazi, msimamizi anaendelea na hadithi. Kama linaweza kwenda huku au huku, kwa mfano kuruka mto, mchezaji anarusha dadu yenye pande 20, anaongeza uwezo wa mhusika wake ulioandikwa kwenye karatasi, na wanaangalia kama amefikia kiasi kilichotakiwa. Akikosa, ameanguka majini. Wenzake wanatafuta kamba.

Uwezo wa mhusika una sehemu sita: nguvu za mwili, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto kwa watu. (Mimi nilifurahi kuona wametenganisha akili na busara. Sisi wenye vyeti tungefaa kukumbushwa jambo hilo.)

Kuhusu ushetani, nitasema kwa ufupi, maana najua swali liko njiani. Miaka ya 1980 huko Marekani wazazi wengi Wakristo waliuogopa mchezo huu. Mama mmoja wa jimbo la Virginia, ambaye mwanawe alijiua mwaka wa 1982, aliamini mchezo ndio uliomwua, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kuupinga. Uchungu wa mama yule hakuna wa kuudharau. Lakini uchunguzi uliofanywa baadaye haukuonyesha kwamba mchezo unasababisha vijana kujiua. Ndani ya hadithi zake kuna wachawi na mashetani, kama vile katika ngano za bibi zetu kuna mazimwi. Mzazi anayetaka kujua zaidi akae pembeni asikilize mchana mmoja.

NAMBA ZINATOKA WAPI

Hapo mwanzo, mwaka wa 1974, kila uwezo ulipatikana kwa kurusha dadu tatu za kawaida na kujumlisha. Ya chini kabisa ni 3, ya juu kabisa 18. Kupata 18 ni mara moja katika 216. Ulichopata ndicho chako, kama vile mtoto hachagui atazaliwa na mwili gani. Ukipata nguvu 6 na akili 15, basi huyo ndiye uliyepewa, jiulize sasa ni mtu wa namna gani. Hakukuwa na nafasi kubwa ya kupiga hesabu, na pia hukuweza kuja na mtu uliyemwaza tangu nyumbani.

Baadaye ikaja desturi ya kurusha dadu nne na kuacha iliyo ndogo. Hapo 18 inapatikana karibu mara moja katika 62. Mnaona watu walianza kuvutia kwao.

Katika toleo la mwaka wa 2014 kuna njia nyingine pia, ya kununua. Kila mchezaji anapewa pointi 27. Uwezo wa 8 ni bure. Kutoka 8 mpaka 13 kila hatua ni pointi moja, kwa hivyo 13 inagharimu 5. Kisha bei inapanda: 14 ni pointi 7 na 15 ni pointi 9. Huwezi kununua zaidi ya hapo. Na sasa kila mmoja ana kikapu chake sokoni, mnaweza kukisia kinachofuata.

Chukueni wachezaji wawili, wote wanataka mhusika askari. Wa kwanza, tumwite mpiga hesabu, ananunua 15 tatu: nguvu, wepesi, ustahimilivu. Tisa mara tatu ni 27, pointi zimekwisha. Akili 8, busara 8, mvuto 8. Ukimwuliza huyu mtu ametoka wapi, baba yake ni nani, anasema, "Tutaona mbele."

Wa pili ameanza na mtu. Anasema: "Huyu ni mlinzi mzee wa mnara. Alistaafu, goti lake moja ni bovu. Amerudi kazini kwa sababu mjukuu wake amepotea." Kisha ananunua kulingana na mzee: nguvu 10, wepesi 8 kwa sababu ya goti, ustahimilivu 12, akili 13, busara 15, mvuto 14. Jumlisheni, ni 27 vilevile.

Vita vikianza, mpiga hesabu anaongeza 2 kwenye dadu yake kwa ajili ya nguvu, na mzee anaongeza sifuri. Katika dadu ya pande 20 kila moja ya nyongeza ni sawa na 5 katika mia, kwa hivyo tofauti yao ni 10 katika mia. Kwa pigo moja si kitu. Kwa mapigo 40 ya mchana mmoja inaonekana. Mzee anakosa, adui yuko hai, na adui huyo anampiga mwenzake mwingine. Ndiyo maana nasema malalamiko ya "sisi ndio tunambeba" yalikuwa na haki ndani yake. Hawa ni watu waliokubaliana kwenda safari moja. Ukileta udhaifu kwa sababu unapendeza katika hadithi yako, gharama wanalipa wengine.

Lakini mpiga hesabu naye ana deni lake. Alinunua akili 8 kwa sababu ni bure, halafu wakifika kwenye ngome ya adui ni yeye anayepanga mbinu zote, kwa sababu nje ya mchezo ni kijana mwerevu sana wa chuo. Akili 8 iko kwenye karatasi tu. Alichukua punguzo la bei na hakubeba mzigo. Mwenzake aliposema "umeleta hesabu," nadhani hicho ndicho kilichomkera, ingawa hakupata maneno ya kukieleza.

NAMBA ZINAMTETEA NANI

Mimi kwa moyo wangu niko upande wa mlinzi mzee. Kazi yangu ni watu, na mtu aliyefanywa orodha ya namba nimemwona mara nyingi mno kwenye fomu za misaada. Hata hivyo kuna jambo lililonisimamisha, na nataka mlifikirie.

Katika kikundi kile kuna msichana mmoja mpole, tena mwenye haya. Akiulizwa jina lake anaangalia chini. Mhusika wake alikuwa mjumbe wa mfalme, mtu wa maneno matamu, mvuto 15. Wakafika kwa mlinzi wa lango ambaye hataki kuwaruhusu wapite. Msimamizi akamwambia, "Haya, ongea naye." Msichana akasema sentensi moja na nusu, sauti ikakatika. Kijana mmoja hodari wa maneno akadakia, ingawa mhusika wake alikuwa na mvuto 8, akaongea vizuri sana, na msimamizi akataka kumpitisha. Ndipo mpiga hesabu, yule yule wa namba, akasema: "Hapana. Kwenye karatasi huyu dada ndiye mwenye mvuto. Arushe dadu." Akarusha, akaongeza 2 yake, lango likafunguliwa. Safari iliyofuata akaongea sentensi nne.

Jameni, si hivyo ndivyo ilivyo katika mikutano yetu? Mahali pasipo na kanuni, mwenye mdomo ndiye anayepita. Tunasema "tujadiliane kwa uhuru" na wazee watatu wanajadiliana kwa uhuru huku akina mama kumi na wanane wakikaa kimya. Siku kikundi kikiandika kwamba kila mtu ataongea kwa zamu, na kwamba kura ni moja moja, hapo yule mama wa nyuma anapata kitu cha kushika. Kanuni na namba zinaonekana baridi, lakini mara nyingi ni za mnyonge. Kwa hivyo nisisikie mtu akisema eti tutupe hesabu tubaki na moyo. Moyo bila hesabu humfaa zaidi anayejua kuongea.

SHERIA INALIPA NINI

Sasa tufike mahali ambapo, kwa maoni yangu, vijana wenyewe walikuwa hawajatazama. Walikuwa wanashtakiana tabia: wewe ni mchoyo, wewe unajifanya mwigizaji. Hakuna aliyeuliza sheria ya mchezo inamlipa mtu kwa kufanya nini.

Katika matoleo ya zamani ya Dungeons & Dragons, mhusika alikua kwa kupata pointi za uzoefu, na sarafu moja ya dhahabu iliyoletwa salama ilikuwa ni pointi moja. Kuua mnyama mkali kulileta pointi chache ukilinganisha na hazina aliyoilinda. Unajua wachezaji wenye akili walifanya nini? Walijifunza kunyata. Walimhonga mlinzi, walimpa joka usingizi, walipitia dirishani. Vita vilikuwa hasara. Katika toleo la mwaka wa 2000 pointi zilitoka zaidi katika kuwashinda maadui, na dhahabu haikuleta pointi tena. Ukilipwa kwa kumshinda adui, utamtafuta adui. Hakuna haja ya kusema vijana wa siku hizi wamekuwa wakali.

Mfano wa pili unanipendeza zaidi. Mwaka wa 1981 ulitoka mchezo uitwao Champions, juu ya mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Humo mchezaji anaweza kupata pointi za ziada akikubali kumpa shujaa wake udhaifu au mzigo: ana adui anayemwinda, ana jamaa wa kumtunza, ameapa kutoua. Nia ilikuwa nzuri, watu walete wahusika wenye maisha. Lakini malipo yanatolewa mwanzoni, kabla mzigo haujamwumiza mtu. Basi mpiga hesabu anachagua mzigo ambao hautamfikia. Anaandika kwamba shujaa wake anaogopa bahari, na hadithi yote iko jangwani. Pointi amekula, bahari hajaiona. Msimamizi makini anaweza kukataa, lakini kazi hiyo yote imemwangukia yeye.

Mwaka wa 2003 Rob Donoghue na Fred Hicks walitoa mchezo uitwao Fate, ambao ulienea zaidi kwa toleo lake la 2013. Humu mhusika anaelezwa kwa maneno, si kwa namba peke yake. Mlinzi wetu mzee angeandikiwa, tuseme, "Goti bovu, moyo kwa mjukuu." Siku goti likimtia taabuni kweli, kwa mfano anashindwa kumkimbiza mwizi, mchezaji wake anapewa kidonge pale pale, jiwe dogo au kifungo, na baadaye anaweza kukitumia ili afaulu mahali pengine. Goti lisipomsumbua, hakuna malipo. Udhaifu unalipa siku unapouma.

Na hapa ndipo kuna uzuri wake. Mpiga hesabu akiingia katika mchezo huu habadiliki, bado anatafuta faida. Lakini sasa faida iko katika kumfanya mtu wake awe mtu. Yeye mwenyewe anamkumbusha msimamizi: "Na goti langu je?" Hakuhubiriwa, hakukemewa. Malipo yamehamishwa tu kutoka mwanzoni yakawekwa siku ya taabu.

Tuangalie vikundi vyetu. Kikundi kinachotoza faini kwa kuchelewa lakini hakitozi kwa kutofika kitapata watu ambao, wakiona wamechelewa dakika kumi, wanarudi nyumbani. Kikundi kinachotoa mkopo mkubwa kwa aliye na hisa nyingi bila kuangalia amelipaje ule wa kwanza, kinalipa hisa, hakilipi uaminifu. Na mradi ukiandikwa kwa ajili ya alama za mfadhili, utakuwa na wajane, vijana, mazingira na walemavu wote katika ukurasa mmoja, kama yule shujaa anayeogopa bahari jangwani. Walioandika si waongo. Wamesoma wanacholipwa.

WALIVYOPATANA

Ubishi huu si mpya. Mwaka wa 1980 Mmarekani Glenn Blacow aliandika makala akiwagawa wachezaji katika aina nne: wanaotafuta uwezo mkubwa, wanaopenda kuishi ndani ya mhusika, wanaopenda mbinu za vita, na wanaopenda hadithi itiririke. Mwaka wa 2002 Robin Laws, katika kitabu chake cha kuwasaidia wasimamizi, aliongeza aina nyingine na kushauri msimamizi ajue kila mmoja mezani amekuja kutafuta nini, ili ampe sehemu yake. Ushauri huo mwezeshaji yeyote wa kikundi anaujua, ingawa hatuufuati kila wakati.

Vijana wetu walifanya jambo dogo. Kabla ya kuanza hadithi mpya walikaa bila dadu, wakaongea kama saa moja. Tunataka hadithi ya vita au ya siri? Mtu akifa, amekufa? Mtu anaruhusiwa kuleta mhusika dhaifu kiasi gani, na wengine wanakubali kumbeba? Mpiga hesabu akajitolea kumsaidia mwenye mlinzi mzee kununua upya. Akamwonyesha kwamba akili 13 inaleta nyongeza ile ile moja ambayo 12 inaleta, kwa hivyo pointi moja inalala bure. Nguvu 10 nayo akaipandisha kuwa 11, kwa pointi hiyo hiyo, ingawa alikiri kwamba 11 haiongezi kitu mpaka ifike 12. "Basi toa moja kwenye ustahimilivu," akasema, "mzee apate nguvu 12 na ustahimilivu 11." Goti likabaki bovu. Hilo mwenye mzee alikataa kabisa kuligusa, hata alipoonyeshwa faida yake.

Mwenzake naye akamwuliza yule askari wa 15 tatu: "Mtu mwenye nguvu hivi na asiyejua kuongea na watu, alilelewa wapi?" Kijana akafikiri. Akasema labda alikuwa mchonga mawe mlimani, peke yake, tangu utotoni. Tangu siku ile, nasikia, anapofika mjini mhusika wake anaogopa umati, na kupanga mbinu amewaachia wengine. Namba hazikubadilika hata moja.

KWA WANAOFANYA MAIGIZO

Wengi wenu mmepitia semina zenye maigizo. Tuliyarithi kutoka mafunzo ya DELTA yaliyoanzishwa hapa Kenya miaka ya 1970, ambayo Anne Hope na Sally Timmel waliyajenga juu ya mawazo ya Paulo Freire wa Brazil na kuyaandika katika vitabu vya Training for Transformation, vilivyotolewa Zimbabwe mwaka wa 1984. Nguvu ya igizo ni kwamba watu wanaona maisha yao wakiwa wamekaa mbali nayo kidogo, halafu wanaulizana kwa nini.

Sasa niwaeleze igizo nililoliona likiharibika. Lilikuwa la mjane na shemeji yake juu ya shamba. Aliyeigiza mjane ni mzee mmoja hodari, mcheshi. Shemeji alipodai shamba, "mjane" akataja sheria, akatishia kwenda mahakamani Jumatatu, akamwita mwanasheria, shemeji akanyamaza. Ukumbi mzima makofi. Mjane wa kweli, aliyekuwa kiti cha tatu, hakupiga makofi. Yeye anajua nauli ya kwenda mahakamani ni kiasi gani.

Mzee yule alicheza kushinda, na sisi tulimlipa kwa makofi. Alimpa mjane ulimi wake mwenyewe, kimo chake na marafiki zake wa ofisini. Ni yule yule kijana wa akili 8 anayepanga vita kama jemadari.

Nimejaribu njia nyingine tangu hapo, kwa kuazima karatasi ya wale vijana. Kila mhusika anapewa kadi. Ya mjane: shilingi 600, nauli ya kwenda na kurudi ofisi ya ardhi shilingi 400, watoto wanne, hati ya shamba iko kwa shemeji, cheti cha kifo hakijachukuliwa, mtu mmoja tu wa kumsindikiza. Ya shemeji: hati anayo, chifu anamfahamu, lakini anaogopa aibu mbele ya kanisa. Kila hatua ina gharama, na karani anakata kwenye kadi mbele ya watu wote. Ukienda ofisini na kuambiwa urudi Alhamisi, umebaki na shilingi 200 na hufiki tena. Pale ambapo jambo linaweza kwenda huku au huku, kwa mfano karani wa ofisi yuko au hayuko, rusheni dadu.

Mama aliyecheza na kadi ile alikwama baada ya dakika saba. Akasimama katikati ya ukumbi, akaangalia kadi, akasema, "Sasa nifanye nini na mia mbili?" Hakuwa anaigiza tena. Mzee mmoja akasema kikundi kingeweza kulipa nauli. Mwingine akasema cheti cha kifo wangekifuata watu watatu pamoja. Yalizungumzwa mpaka chakula kikapoa.

Makofi kwa mshindi tumeyaacha. Mwishoni karani anaandika ubaoni kila mahali mhusika alipokwama, na kikundi kinahesabu wameona mangapi. Kadi mtengeneze na watu wenye maisha hayo, nauli iwe ya kwenu, si niliyoandika hapa. Wachezaji wasizidi wanne. Dadu moja ya ludo inatosha: moja mpaka tatu hayuko, nne mpaka sita yuko.